Turubai Tuliloliacha Uani

Asubuhi ile tulikuwa tunapura ndengu. Ulikuwa msimu wa baridi, ule wa manyunyu yanayolowesha vumbi bila kumfaa mkulima, kwa hivyo tulingoja jua lichomoze kidogo ndipo tukatandaza turubai katikati ya ua. Mama mkwe wangu, ambaye nilimwita Mwaitu kama mume wangu alivyomwita, yaani mama, alikaa upande mmoja na fimbo yake akiyapiga maganda. Mimi nilikaa upande wa pili na binti yangu Mumbe mgongoni. Mumbe alikuwa bado hajaanza kutembea.

Turubai lile lilikuwa fahari ya mume wangu, Muthui. Kabla hatujaoana alipakia mizigo kwenye malori yanayopita Mwingi kwenda Garissa, na alipoacha kazi tajiri wake alimkatia kipande cha turubai kuukuu la lori. Lilikuwa la kijani, zito, lenye harufu ya dizeli na ya mbuzi, na pindo zake zilikuwa na pete za shaba za kupitishia kamba. Tulipuria juu yake, tulifunikia mavuno, na mvua kubwa ikija tulilitega lijae maji ya kunywa. Watu wa harusi na watu wa matanga walikuja kuliazima. Mwaitu alipenda kunitania kwamba mwanawe ana wake wawili, na kwamba mimi ndiye mdogo.

Nyumbani kwetu ni mashariki ya Nuu, mahali ambapo nyumba zinaanza kuachana, na msitu unaanza. Habari za watu wa bunduki tulizisikia kila kiangazi. Ng'ombe wa fulani wamechukuliwa, watu wa mahali fulani wamelala msituni, kisha wamerudi. Tuliwaita mashifta, jina tulilolirithi kwa wazazi wetu, ingawa hakuna aliyejua kwa hakika ni akina nani. Mimi niliolewa huku nikiyajua hayo. Mtu huzoea hata jambo la namna hiyo, mradi linatokea kwa mwingine.

Muthui alikuwa amepeleka mbuzi mtoni, kwenye visima vya mchanga.

Nikasikia mlio mmoja. Nilidhani ni tawi kavu limevunjika.

Mwaitu akaacha kupiga ndengu.

Ikafuata milio mingine, mingi, kutoka upande wa kwa jirani yetu Kilonzo. Halafu nikamwona Muthui akija mbio, bila mbuzi, bila kofia, viatu mkononi.

"Mama Mumbe, mfunge mtoto vizuri," alisema. "Wako kwa Kilonzo. Tunatoka sasa hivi."

Sijui kama msomaji amewahi kulazimika kuchagua vitu vya nyumba nzima kwa muda wa kunywa maji kikombe kimoja. Mikono hushika vitu visivyo na maana. Mimi nilijikuta nimeshika taa ya kandili, na ilikuwa mchana. Muthui alinipokonya akaiweka chini. Alichukua kibiriti, sufuria ndogo, unga uliokuwa kwenye kimfuko, panga na kamba. Kisha akainama, akashika pindo la turubai na kulinyanyua, ndengu zote zikamwagika mchangani. Alilikunja kwa goti haraka haraka kama alivyofanya kwenye malori, akajitwika begani, akapiga hatua chache kuelekea langoni na kurudi. Umande wa asubuhi ulikuwa umelilowesha chini, na lilikuwa zito mno. Alimtazama mama yake, ambaye magoti yake hayakuwa mazuri tena.

"Nikibeba hili sitaweza kumshika Mwaitu," alisema.

"Basi chukua nailoni," nikamwambia.

Nailoni ilikuwa imefunika ghala ya mtama, ile nyeupe inayopitisha mwanga, nyepesi kiasi kwamba ukiikunja unaiweka kwapani. Muthui aliivuta. Turubai alilisukumiza ndani ya kichaka cha miiba nyuma ya zizi, akalifunika kwa matawi. Upande wa blanketi tulikuwa na mawili: moja la kijivu, jepesi, tulilokuwa tukijifunika mimi na Muthui, na moja jekundu la Mwaitu, nene kama godoro. Nilimwambia tuache lile nene. Alikataa. Alijifunga nalo mabegani tukatoka hivyo.

Hatukufuata njia. Tuliteremka kwenye korongo kavu lililo nyuma ya shamba tukielekea vilimani.

Korongo lilipokaribia njia ya ng'ombe tulisikia kengele.

Muthui alitushusha kwa mkono. Tulilala chini ya ukingo.

Ng'ombe walipita juu yetu. Niliwatambua kwa sauti ya kengele, walikuwa wa Kilonzo. Nyuma yao zilipita sauti za wanaume, wakizungumza taratibu kama watu wanaotoka sokoni. Mmoja alikohoa.

Mumbe alifungua mdomo. Nilimtia ziwa.

Alinyonya. Walipita.

Tulipofika mlimani jua lilikuwa limeanza kushuka, na tulipogeuka tuliona moshi wa nyumba. Haukuwa moshi wetu. Niliona aibu kwa nafuu niliyoipata moyoni, maana nyumba ile iliyokuwa ikiungua nilikuwa nimekula ndani yake Jumapili iliyopita.

Muthui alifunga kamba kati ya miti miwili, akaitupia nailoni juu yake na kuishikilia chini kwa mawe. Tuliingia sote chini yake, tukaziba kila upande ili joto lisitoke. Alfajiri tulikuwa tumelowa kana kwamba mvua ilinyesha ndani. Pumzi zetu zilikuwa zimegeuka maji kwenye nailoni, na maji yameanguka juu yetu. Blanketi la Mwaitu lilikuwa limeyanywa yote. Nilipojaribu kulinyanyua nilitumia mikono miwili. Lile la kijivu nililikamua, nikalipigapiga, na kabla ya adhuhuri lilikuwa linafaa. Lile jekundu halikukauka tena.

Asubuhi hiyohiyo ndipo alipotufikia Halima.

Halima alikuwa na duka dogo kwenye soko letu. Familia yake ilitoka kaskazini mashariki, Waislamu, na mumewe alinunua mifugo na kuisafirisha Mwingi. Alikuwa amekaa nasi miaka mingi na Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko changu, kwa maana alijua hata matusi ambayo mimi sikuruhusiwa kuyajua. Alitokea kati ya miti akiwa peke yake, kandambili mguu mmoja tu, mkeka umekunjwa mgongoni. Mashifta walikuwa wamelisafisha duka lake lote. Walipoondoka, baadhi ya majirani walianza kuuliza kwa nini yeye hakupigwa. Hakungoja jibu. Mumewe alikuwa Mwingi na wanyama, na kuifuata barabara hakuthubutu.

Mwaitu alimwona akageuza uso.

"Asikae hapa," alisema. "Watu wake ndio wanatuua."

Halima alisimama pale pale.

"Mwaitu," Muthui alisema, "ulipougua mwaka jana ni nani alikuletea uji mpaka kitandani?"

"Hilo ni lingine."

"Sio lingine. Halima, weka mzigo."

Mwaitu alivuta miguu yake ndani, na mahali miguu yake ilipokuwa pakapata nafasi ya mtu.

Halima alitazama hema letu kwa muda, akaniambia kwa upole, "Mama Mumbe, hii kitu inaonekana kutoka mbali sana. Mimi nimewajua mko hapa kwa sababu ya kung'aa." Nilipoitazama kutoka chini ya mteremko nilishtuka. Jua lilikuwa limeipiga nailoni na ilimetameta kama bati jipya. Yeyote aliyekuwa kwenye kilima cha pili angeiona.

Tuliibomoa upesi. Halima alimwonyesha Muthui vile mama yake alivyokuwa akisimamisha nyumba wakihama na ngamia: fito nyembamba zinakatwa mbichi, zinapindwa na kuchimbiwa ncha zote mbili, zinafungwa kati kwa kamba, na nyumba inakuwa fupi kama mgongo wa kobe. Juu yake tukaweka nailoni, juu ya nailoni matawi, mpaka hata mimi nikishuka mteremko sikuiona. Tuliacha mwanya huku na huku ili pumzi itoke. Chini tukatandika nyasi kavu nyingi, kisha mkeka wake. "Baridi kubwa haitoki juu," alisema, "inatoka chini." Muthui aliipenda sana kazi ile. Nilimwona akicheka mara moja, akimwambia Halima kwamba angemjua mapema angemwajiri kwenye malori. Ni mara ya mwisho ninayoikumbuka akicheka.

Tulikaa hapo siku kadhaa. Tulipika uji mwepesi asubuhi mapema, wakati ukungu ulificha moshi, na maji tulipata kwenye miamba. Upande wa njia ya Nuu bado tulisikia milio, mmoja asubuhi, miwili jioni, na hatukuweza kujua ni ya nani. Kwenda Nuu na mwanamke mwenye magoti mabovu na mtoto mchanga, mahali peupe, hatukuthubutu.

Kisha mvua ilinyesha kweli. Si manyunyu. Upepo uliipata nailoni mahali ufito ulipoitoboa, ukaipasua kutoka juu hadi chini, nasi tukashika vipande kwa mikono kama watu wanaoshikilia paa la kanisa. Mumbe alianza kukohoa. Mchana wake kifua chake kilikuwa kinaingia ndani kila akivuta pumzi, na alikataa ziwa. Halima aliweka sikio kwenye mgongo wake, akanitazama.

Muthui alikuwa amechuchumaa nje, maji yanamtiririka.

"Nitaenda kulichukua turubai," alisema.

"Ngoja mvua ipite," nikamwambia.

"Ikipita hii inakuja nyingine. Mtoto hataweza nyingine."

Nilimtazama Mwaitu nikitumaini atamkataza, maana alikuwa na sauti juu yake kuliko mimi. Mwaitu alikuwa amemshika Mumbe. Alisema tu, "Pitia korongoni. Usipite njia ya ng'ombe."

"Ndiyo, Mwaitu."

Aliondoka alfajiri iliyofuata, ukungu ukiwa bado mzito. Alikuwa amevaa viatu safari hii, na panga alituachia. Nilimfunga vifungo vya shati kama mtoto. Hatukuagana kwa maneno yoyote ya kukumbukwa. Aliniambia nisisahau kugeuza blanketi upande mkavu.

Asubuhi ilisogea. Jua lilitoka kidogo.

Tukasikia mlio mmoja.

Mmoja tu.

Halima alikuwa anakanda kifua cha Mumbe kwa kitambaa cha moto. Mkono wake ulisimama, kisha ukaendelea.

Tulingoja.

Alasiri tulisikia sauti za wanaume zikipanda mlima, wakizungumza Kikamba. Walikuwa askari wa akiba kutoka Nuu, watu wa huku kwetu waliopewa bunduki kuukuu, na walikuwa wanafuata nyayo za ng'ombe. Aliyetangulia nilimjua kwa sura, alikuwa akiuza ngozi sokoni. Alivua kofia kabla hajafika, na hapo nikajua.

"Nyinyi ndio watu wa Muthui?" aliuliza.

"Ndiyo," Mwaitu akasema. "Yuko wapi?"

"Mama, tumemkuta njiani."

Alikuwa amekwisha kulichukua. Hilo ndilo waliloniambia, na nililiuliza mara nyingi. Walimkuta juu ya korongo, uso ukielekea mlimani, turubai limekunjwa begani vizuri, na ndiyo maana wakapanda kututafuta. Alikuwa anarudi. Mashifta nao walikuwa wanaondoka na wanyama, na huenda walimwona kwa bahati tu, na huenda walidhani mzigo ule ni kitu kingine. Hawakumchukulia kitu chochote. Hata turubai hawakulichukua.

Walimbeba ndani yake hadi Nuu, wanaume wanne, wakishika pembe. Mimi nilitembea na Mumbe ndani ya nguo zangu, ngozi kwa ngozi, blanketi la kijivu juu yetu. Halima alinishika mkono mahali penye utelezi. Mwaitu alitembea kando ya mwanawe, kidole chake kimeingia kwenye pete moja ya shaba, na magoti yake yale yakamfikisha. Blanketi lake jekundu alikuwa ameliacha mlimani bila kulitazama.

Uwanja wa kanisa pale Nuu ulijaa watu. Waliotangulia walikuwa wamepata madarasa ya shule na baraza, wengine walikaa chini ya magunia yaliyoshonwa pamoja. Njia ya kwetu haikuwa salama, kwa hivyo mchungaji alitupa mahali pembeni mwa ardhi ya kanisa na tukamzika Muthui siku ileile kabla ya giza. Watu waliimba. Mimi nilikuwa nasikiliza kifua cha Mumbe.

Mawingu yalikuwa yamekusanyika tena. Nilipotoka kaburini nilimkuta Mwaitu bombani. Alikuwa amelitandaza turubai juu ya mawe na alikuwa analisugua kwa mikono, kwa sabuni ya kuazima, akimwaga maji na kusugua tena. Wanawake walikuja kumsaidia akawakataa. Nilisimama.

"Mwaitu, siwezi kulala chini ya hilo," nilisema.

Hakuacha kusugua. "Wewe usilale. Mtoto atalala. Ndicho alichoendea."

Tulilisimamisha mimi na Halima, kwa fito, fupi, mwanya huku na huku. Tulitandika nyasi na kadibodi. Mumbe alilala ndani, mkavu, na mimi nililala kando yake kwa sababu alikuwa ananyonya kwangu. Mvua ilinyesha na haikuingia hata tone. Baada ya siku chache, na dawa za zahanati, alianza kunyonya vizuri. Nilisikia harufu ya dizeli na mbuzi usiku kucha, usiku baada ya usiku, na sitaandika zaidi juu ya hilo.

Jambo la Halima lilitokea siku ya pili. Wanaume kadhaa walikuja wakasimama mbele ya hema letu. Walisema yule mwanamke hawezi kulala katikati ya watu waliofiwa. Walikuwa na uchungu wa kweli, wawili kati yao walikuwa wamezika. Mmoja alikuwa mwana wa Kilonzo.

Mwaitu alitoka nje kwa mikono na magoti, akasimama polepole.

"Mimi pia nimezika," alisema. "Mnaniona? Huyu analala kwangu. Mwenye neno aniambie mimi."

Waliondoka. Siwezi kusema walikubali. Mumewe Halima alipofika na lori kutoka Mwingi kumchukua, aliteremka upande wa mbali na watu na hakuzima injini. Halima aliniachia mkeka. Alimkumbatia Mwaitu muda mrefu, na Mwaitu alimwambia jambo kwa Kikamba sikioni, ambalo sikulisikia na wala sikuliuliza. Baadaye niliambiwa walihamia Garissa. Sikumwona tena.

Miaka iliyofuata watu waliendelea kukimbia, mara huku mara kule, na kanisa letu likaunda kamati ya kuwapokea. Waliniweka humo. Pesa za msaada zikipatikana nilitumwa Mwingi kununua blanketi na mahema, na wenye maduka walinichoka upesi. Niliomba ndoo ya maji, nikatumbukiza pembe ya blanketi, nikaikamua na kuinyanyua. Blanketi linalobaki zito baada ya kukamuliwa nililiacha, hata likiwa zuri namna gani. Mwenye duka mmoja alinifokea, "Mama, unanunua ama unafua?" Nilinunua mepesi, na watu wengine walinung'unika kwamba kamati imewaletea vitambaa. Nailoni nyeupe sikununua kamwe. Nilitafuta ya rangi ya udongo, na kwa kila familia moja nilitaka kamba ya kutosha na kitu cha kutandika chini. Turubai la lori sikumpa mtu anayetembea. Lile ni la kupelekewa mtu mahali alipokwisha kufika.

Wapo walionisifu kwa kazi ile. Mimi niliifanya kama mtu anavyofagia mahali alipoanguka. Kujua jambo baada ya kupotelewa hakukurudishii kitu. Mtoto alipona, baba yake hakupona, na watu wema wameniambia nishukuru kwa la kwanza ninapolia la pili. Nashukuru. Lakini hayo mawili hayakai kwenye mizani moja. Nimejaribu. Muthui alikuwa mtu mzima mwenye mzaha wake, mwenye namna yake ya kupiga mluzi akitoka mtoni, na hakuwa bei ya kitu.

Sisi tulikuwa tumerudi nyumbani mara njia ilipotulia. Nyumba ilikuwa imesimama, ndengu zilizomwagika uani zilikuwa zimeota na kukauka. Tulilima. Mwaitu aliishi nami miaka mingine mingi na hatukuwahi kugombana, jambo ambalo wanawake wenzangu wa kijijini hawakuliamini. Alikuwa na mahali pake pa kuzikwa, chini ya shamba, kando ya mumewe, palipotengwa tangu zamani na kuwekewa mawe. Alipoanza kudhoofika aliniita, akaniambia hataki kulala hapo.

"Mnipeleke Nuu," alisema. "Mzee wangu amezungukwa na ndugu zake. Muthui yuko peke yake."

Wazee wa ukoo walikataa, kisha wakabishana, kisha wakanyamaza. Tulimpeleka Nuu. Mchungaji mpya hakuwajua, ila alituonyesha mahali, na Mumbe, aliyekuwa sasa msichana wa sekondari, ndiye aliyeshika kichwa cha msalaba ulipopigwa chini.

Sasa watu wangu wako mahali pawili, na kutoka nyumbani hadi Nuu ni mwendo wa nusu siku kwa miguu yangu ya leo. Mimi huenda huko mara mbili kwa mwaka kung'oa nyasi makaburini. Mumbe huja nami akiwa likizo. Mara ya mwisho, tulipokuwa tumeketi tukipumzika kabla ya kurudi, aliniuliza mimi nitataka kulala wapi, hapa au nyumbani.

Nilimwambia asimame twende, tusije tukakutwa na jua njiani, na ndengu bado hatujamaliza kuvuna.